Mwaka wa Kidonge cha Asubuhi

Mwezi uliopita, kwenye kilio cha Daktari Kazadi, walitafuta mzee wa kuongoza rozari, na wakanichagua mimi. Hakuna aliyejua kwamba kwa miezi mingi nilikuwa nimemshtaki mtu huyu mbele ya Mungu kila jioni, kama unavyomshtaki jirani aliyekuibia kuku. Niliongoza. Kwenye fumbo la tatu nilipoteza hesabu ya shanga, na nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake: “Huyu mzee ni ndugu ya marehemu?” Mwenzake akajibu: “Hapana, ni wa Bel-Air. Munganga alimutunzia mujukuu yake. Ile mambo ya dawa ya kichwa.” “Ah, ile ya kutuliza batoto?” “Ndiyo, njo ile.” Nilitamani kugeuka niwaambie kwamba si dawa ya kutuliza, na kwamba mimi pia niliidhania hivyo, tena nilidhani mabaya zaidi, lakini mtu hakatizi Salamu Maria ili agombane. Nikaendelea hadi mwisho, nikarudi nyumbani, na tangu siku ile jambo hili halijaniacha nilale. Watu husema mwaka unaomfinyanga mtu ni mwaka wa ujana wake. Mimi Mungu alinifinyanga mara ya pili nikiwa na miaka sitini na mitano, udongo ukiwa umeshakauka, na namshukuru kwa uvumilivu wake, kwa maana udongo mkavu humchosha mfinyanzi.

Mwaka ule nyumbani kwetu, mtaa wa Bel-Air, tulikuwa watatu. Odette, binti yangu, alifanya kazi benki katikati ya mji. Alitoka asubuhi na mapema na kurudi jua likiwa limeshashuka. Aliyebaki na mwanawe Nadège nilikuwa mimi. Nadège alikuwa na miaka tisa. Ukimtuma chumvi, alirudi na habari za bata wa jirani aliyevunjika mguu, na chumvi hana. Mezani aliinuka mara tano kabla bukari, yaani ugali, haijapoa: kufunga dirisha, kuangalia mjusi, kuniuliza kama Yesu alipenda samaki wa kuchoma au wa mchuzi. Daftari zake zilianza kwa mwandiko mzuri na kuishia katikati ya neno. Alivaa soksi mbili za rangi mbili na hakujua. Nilikuwa nimefundisha katekisimu kwa miaka thelathini na minane, na wakati wangu mtoto wa namna hii alikuwa na jina moja tu, mkaidi, na dawa yake ilikuwa fimbo ya mpera. Nadège sikumpiga, kwa sababu mama yake alinikataza mapema, lakini nilimtazama kwa jicho lile lile. Niliamini anaweza kutulia na hataki. Nilipomwambia hivyo Mama Kapinga, jirani yetu, aliyenirithi kazi ya ukatekista parokiani, alicheka hadi akashika kikwembe chake kisifunguke. “Papa Anselme,” alisema, “batoto ba siku hizi banazaliwa na simu mu kichwa. Inalia yote pamoja, haujui utapokea gani.”

Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa kali, shule ilituandikia. Mwalimu hakusema mabaya. Alisema tu kwamba kama hali haibadiliki hadi Pasaka, Nadège hataweza kuendelea na wenzake, na ingekuwa vizuri atafutiwe mahali pengine. Odette aliisoma barua akiishika kama sahani ya moto, akaniambia: “Papa, nitamupeleka kwa munganga.” Nikauliza munganga gani, maana mtoto hana homa. Nikaenda nao, si kwa upendo, bali kwa kutaka kuona mtu huyu ni nani.

Chumba cha Daktari Kazadi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na mashine ya kuleta ubaridi ilidondosha maji ndani ya ndoo ya rangi. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na sauti ya chini kwangu ilikuwa alama mbaya; mwuza mali mbovu hapigi kelele. Alitupa karatasi za maswali, moja yetu na moja ya mwalimu. Alimpima Nadège uzito na urefu, akamfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia damu, akauliza kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyeanguka ghafla akafa kwa moyo. Nilijiuliza, kwa kichwa kisichotulia moyo unahusikaje? Tulirudi mara tatu kabla hajasema neno. Mara ya tatu akasema kwamba Nadège si mkaidi wala mjinga, kwamba ana shida ya kushika mawazo mahali pamoja, na kwamba kuna dawa inayoweza kumsaidia pamoja na uvumilivu wetu nyumbani na shuleni. Nikauliza dawa hiyo inafanya nini. Akasema: “Inaamsha.”

“Inaamsha?” Nilisimama kabisa. “Docteur, huyu mutoto anaamka mbele ya jogoo. Unaweza kupa kahawa muntu mwenye hana usingizi?”

Alicheka kidogo, na kicheko kile nikakiandika moyoni dhidi yake. “Papa, sikiliza. Mu kichwa ya Nadège, sauti yote inaingia kwa mlango moja, na kwa mlango hakuna sentineli, hakuna mulinzi. Sauti ya mwalimu, ya ndege, ya tumbo yake, yote inaingia sawasawa. Hii dawa inaamsha sentineli. Haimulazi mutoto. Na haimupe akili. Akili anayo tayari.”

“Na ule sentineli,” nikasema, “nani anamulinda?”

“Wewe, Papa. Wewe, mama yake, na mimi. Njo maana nitamupima kila mwezi. Na kidonge inamezwa nzima, asubuhi, akishakula. Haivunjwe, haitafunwe.”

Odette aliandika yote. Mimi niliyabeba kichwani, na njiani yaligeuka kuwa tuhuma. Zilikua zaidi tulipofika kwenye duka la dawa. Moja tu mjini liliweza kuiagiza ile dawa. Mwenye duka aliisoma karatasi ya daktari, akamtazama Odette, akanitazama mimi, kisha akachomoa ufunguo shingoni mwake, akafungua kabati ya chuma nyuma ya pazia. Alijaza jina la mtoto kwenye daftari kubwa, akaibakiza karatasi. Nimeishi miaka mingi, nimenunua kwinini, dawa za minyoo, dawa za presha. Hakuna hata moja niliyoiona imefungiwa kama bunduki. Jioni ile nilimweleza Mama Kapinga tukiwa barazani kwangu na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, akiniita kwa jina langu la ukatekista: “Mwalimu, kitu banafungiaka na kifungulo, ao iko ya bei, ao iko na hatari.” Nikamwambia: “Ao yote mbili.” Leo najua kwa nini ilifungiwa. Kuna vijana wanaoitafuta bila ugonjwa wowote, ili wakeshe na vitabu wakati wa mitihani, na moyo wa mtu mwenye afya ukihangaika bure hakuna daktari wa kuupima. Kufuli ile ilikuwa inawalinda watu. Lakini mtu mwenye shaka akiona kufuli hukumbuka mwizi tu.

Nisiwe mwongo, dawa ilifanya kazi. Wiki ya pili Nadège alikaa mezani nusu saa akimaliza hesabu zake, akaniita niione karatasi, na mwisho wa ukurasa ulikuwa na mwandiko sawa na mwanzo wake. Mama mtu alilia jikoni akidhani hatusikii. Ningepaswa kuimba Te Deum ya shukrani. Badala yake niliangalia sahani. Mchana Nadège aligusa bukari mara mbili, akaisukuma. Sombe ya majani ya muhogo, aliyoipenda kuliko mimi, aliiacha na mafuta yake yakaganda. “Kambo, sina njaa,” aliniambia mimi babu yake, kwa adabu, ameketi kimya, mikono juu ya mapaja. Ukimya ule niliokuwa nimeuomba kwa miaka sasa uliniogopesha. Nilimwuliza kama Yesu alipenda samaki wa kuchoma au wa mchuzi. Akafikiri, akasema: “Sijui, Kambo. Haiandikwe.” Jibu lilikuwa sahihi, na mimi nikalichukia. Odette alimweleza daktari habari ya chakula, naye akasema hiyo inajulikana: ashibe asubuhi kabla ya kidonge, ale tena jioni kikiisha nguvu, na uzito utaangaliwa. Odette akaanza kuamka mapema zaidi kupika uji wa karanga. Mimi nikasema moyoni kwamba daktari ana jibu la kila kitu.

Baada ya Pasaka shule ilikubali kumbakiza. Daktari alipandisha kipimo kidogo, akaeleza kwa nini, akampima tena moyo. Odette alinikabidhi kazi ya asubuhi, kwa kuwa benki ilibadilisha saa zake akawa anaondoka mtoto hajaamka. Aliniwekea chupa kabatini, akaniambia: “Papa, uji kwanza, kisha moja, nzima.” Nikasema: “Nimesikia.” Na nilikuwa nimesikia kweli. Ninalotaka msomaji alijue ni kwamba sikukosea kwa kutojua.

Asubuhi moja Nadège alitoka chooni amekunja uso. “Kambo,” alisema, “kidonge inatoka.” Sikuelewa. Akaniita nione, na msomaji anisamehe, nikaona. Kilikuwa kule chini, kizima, umbo lake lile lile, kama nilivyompa jana yake. Nilihisi furaha mbaya ya mtu aliyekuwa anasubiri kuthibitishiwa. Kumbe! Tunanunua kitu kinachopita tumboni kama kokwa la zambarau. Na bado, dakika ile ile, nilikumbuka sahani za bukari zilizorudi jikoni, nikaamini pia kwamba kile kidonge kina nguvu kupita kiasi kwa mtoto mdogo. Kwamba hakina kitu, na kwamba kina nguvu mno: tuhuma hizi mbili zilikaa benchi moja kichwani mwangu na hazikugombana hata siku moja. Na lile neno la daktari, kisivunjwe, sasa lilinipa picha nyingine. Mtu anayekukataza kufungua kitu, kuna anachokificha ndani.

Kwetu, dawa ya mtoto huvunjwa. Nani hakuvunjiwa? Mama zetu walitupondea kwinini kati ya vijiko viwili, wakatia sukari na tone la maji, nusu ya mkubwa ndiyo ya mtoto. Nami nilifanya hivyo kwa watoto wangu wote, na kwa mkono huo huo walipona malaria. Siku iliyofuata nikachukua vijiko viwili. Kidonge kilikataa. Nikachukua jiwe tunalopondea karanga, nikakizungushia karatasi, nikagonga. Ganda lilipasuka, na ndani nikaona tabaka za unga zilizopangwa. Niligawa unga kwa ncha ya kisu. Nusu moja nikaichanganya kwenye kijiko cha uji. Nusu nyingine nikaikunja kwenye karatasi, nikaiweka mfuko wa ndani wa koti langu la kanisani, nikikusudia kuichoma. Nadège alikunja uso: “Iko chungu, Kambo. Mama anasema inamezwa nzima.” Nikamwambia: “Mama yako ni mutoto yangu. Meza.” Akameza. Nikamwambia pia asimsumbue mama yake na habari hizi. Nilimfundisha mtoto Amri Kumi, na asubuhi ile nikamfundisha kuficha.

Nikawa nafanya hivyo kila asubuhi, na hesabu ya chupa ilikuwa sawa, kwa hiyo Odette hakuona kitu. Aliona mengine. Barua za mwalimu zilianza tena: Nadège anafanya vizuri saa mbili za kwanza, kisha ifikapo saa tano analia bila sababu, anagombana, anatupa kalamu. Odette alisoma kwa sauti huku akichambua mboga ya lengalenga, akasema pengine daktari amekosea kupandisha kipimo. Nilikaa pale, kichwa chini, nikasema: “Mi nilikuambia, ule munganga ni wa kuangalia na macho mbili.” Binti yangu akaniamini. Katika maneno yote niliyowahi kusema chini ya paa langu, hayo ndiyo niliyoyapeleka kwenye maungamo mara nyingi zaidi, ingawa padri alikwisha kuniondolea mara ya kwanza.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile. Ilikuwa mwezi wa tano, baridi imeanza, na watoto wa komunyo ya kwanza walikuwa wanafanyiwa maulizo saa kumi alasiri. Wazee wanajua maulizo ni kitu gani: mtoto anasimama mbele ya katekista na wazazi wote, mikono nyuma, anaulizwa, anajibu kwa moyo bila kitabu, na asiyejibu anangoja mwaka mwingine. Mimi nilirudisha watoto wengi namna hiyo. Na sasa mjukuu wangu angesimama mbele ya watu wale wale ambao watoto wao niliwarudisha, na Mama Kapinga ndiye angeuliza. Nilikuwa nimejaribu kumfundisha jioni kwa wiki nzima. Nilimwambia asimame wima, asisogeze mguu, anitazame. Naye akiyasimamia hayo matatu, majibu yote yalimtoka kichwani. Jumamosi saa nane mchana alikuwa hawezi hata kufunga viatu. Odette alikuwa ametangulia parokiani kupanga viti. Niliingiza mkono ndani ya koti, nikakuta zile karatasi ndogo, nyingi, ambazo sikuwa nimezichoma. Mimi niliyeihukumu dawa ile kuwa ya wachawi niliitumia kama mchawi. Nilimpa moja kwenye kijiko cha sukari. Tukiwa tunatoka nikaona bado anazungukazunguka. Nikampa ya pili. Hakuwa amekula mchana.

Alijibu yote. Alijibu kabla swali halijaisha, haraka haraka, macho yamefunguka mno, na watu wakacheka kwa mshangao, wakapiga makofi. “Eh, huyu ni damu ya Mwalimu!” mtu alisema nyuma, na mimi, Mungu anisamehe, nilinyoosha mgongo. Mama Kapinga aliandika jina lake. Nadège alishuka, akanijia, akaweka mkono wake ndani ya wangu. Ulikuwa baridi na umelowa. “Kambo,” alisema taratibu, “moyo yangu inakimbia. Inakataa kusimama.” Niliweka kiganja kifuani pake. Chini ya gauni jeupe kulikuwa na kitu kama ndege aliyeingia chumbani na haoni dirisha.

Odette alimpigia simu daktari, naye akatuambia tumpeleke kliniki moja mjini, atatukuta. Alifika na shati la nyumbani, amevaa kandambili. Alihesabu mapigo, akapima damu, akahesabu tena. Nadège alilala akitetemeka, akitaka kuongea na asiweze kumaliza. Daktari akauliza amekunywa dawa saa ngapi. Odette akanitazama. Nikasema: “Asubuhi, kama siku zote.” Akauliza vidonge vingapi vimebaki. Tulipopita nyumbani Odette alikuwa ameichukua chupa. Walihesabu pamoja juu ya kitanda, hesabu ikawa sawa. Daktari alivirudisha vidonge chupani. Kisha akamwambia binti yangu, kwa ile sauti ya chini: “Maman, kama alikunywa moja, na ilikuwa asubuhi, basi haiko dawa peke yake. Ni moyo yenyewe. Tutaacha dawa kabisa, na itabidi kutafuta mahali pa kumupeleka inje bamwangalie moyo. Na dawa ya leo nitachagua kufuatana na ile ugonjwa ya moyo.” Odette hakulia. Alishika chuma cha kitanda, akasema tu: “Moyo.” Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Ningeweza kunyamaza, na ningekuwa nimeshinda: dawa ingeachwa, daktari angeonekana alikosa kuona ugonjwa, na mimi ningebaki mzee aliyeonya. Nilipoiona hivyo, wazi kabisa, niliogopa, kwa sababu kwa muda mfupi ilinipendeza.

Nilitoa zile karatasi mfukoni, nikaziweka zote juu ya shuka, mbele yao. Nikasema nilichofanya, tangu jiwe la karanga hadi saa nane mchana ile. Daktari hakunitukana. Aliuliza ngapi, saa ngapi, alikula nini. Akaandika, akamwita muuguzi, wakafanya kazi yao. Saa zilipita. Ndege kifuani mwa Nadège akapunguza mbio, akatua. Ndipo daktari akakaa kwenye kiti kando yangu, akachukua moja ya karatasi, akaikunjua. “Papa,” alisema, “ile uliona kwa choo ilikuwa ganda. Ganda inatoka, dawa inabaki mu mwili. Ile ganda njo inaachia dawa polepole, kutoka asubuhi mpaka magaribi. Ukiivunja, dawa ya siku muzima inaingia mara moja. Kisha inaisha mara moja, na mutoto anaanguka nayo.” Nikasema sasa naelewa. Akaniuliza: “Ulinishuku?” Nikasema: “Sana, Docteur.” Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea salamu. “Kushuku haiko zambi. Hata mi ninashuku dawa, njo maana ninapima kila mwezi. Lakini kama unanishuku, kuya uniulize mi. Usiniulize kupitia tumbo ya mutoto.”

Odette hakusema na mimi siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu aliweka sahani yangu mezani, akakaa, akasema bila hasira: “Papa, munganga aliogopa kukuachia dawa, mi nikamubadilisha mawazo. Nilimuambia Papa anajua batoto.” Kisha akala. Tangu hapo chupa ilikaa mkobani mwake. Daktari aliporuhusu dawa tena, alimwamsha Nadège mwenyewe kabla hajaenda kazini, na nilipopita karibu na meza wakati huo, macho yake yalinifuata mikononi. Alikuwa na haki. Nimewahi kuwatazama watu wengi kwa jicho lile, watoto zaidi ya wote, na sikuwahi kujua jinsi linavyopasha ngozi joto hadi nilipotazamwa nalo ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Ilikuwa adhabu ya haki na niliipokea kwa shukrani, ingawa shukrani ilikuja polepole.

Lakini kulikuwa na jina lililoandikwa kwenye daftari la Mama Kapinga. Jumatano nilienda kwake, nikamkuta anapepeta maharage, nikamwomba alifute. “Mwalimu, unaumwa?” alisema. “Unataka nifute mujukuu yako? Mbele ya bantu bote balipiga makofi?” Nikamweleza. Maharage yakamwagika nusu. Nadège alikuwa amenifuata hadi uani kwake bila mimi kujua, na ndiye aliyejibu kabla ya Mama Kapinga. “Ile majibu nilikuwa naijua,” alisema. “Tangu zamani. Kambo anakatalia mi kutembea, na kama sitembee inatoka mu kichwa.” Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayetoa habari za bata wa jirani. Nikawaza jinsi nilivyomshuku daktari, na kabati, na ganda, na mwalimu. Na chini ya hao wote, tangu mwanzo, niliyemshuku kuliko wote alikuwa mtoto huyu, kwamba ndani yake hakuna kitu.

Alirudia maulizo Jumamosi iliyofuata, yeye na Mama Kapinga peke yao katika chumba cha katekisimu. Daktari alikuwa amesimamisha dawa hadi amalize kumwangalia moyo, ambao kwa neema ya Mungu ulikuwa mzima. Asinielewe mtu vibaya: wiki ile bila dawa shuleni ilikuwa ngumu, na iliporudishwa, nzima, ilimsaidia, na inamsaidia hadi leo akiwa kidato cha juu, ikipimwa na kupunguzwa na kusimamishwa kila inapobidi. Sitaki kusema ile dawa ilikuwa ya bure. Nasema tu kwamba haikuwa yeye. Mimi niliambiwa nikae nje, nikakaa kwenye ngazi. Nilisikia sauti ya Mama Kapinga ikiuliza, na hatua za Nadège zikizunguka viti, zikisimama, zikizunguka tena. Mara moja hatua zilifika dirishani na nikamsikia akisema kitu juu ya mjusi, Mama Kapinga akamrudisha, akarudi. Ilichukua muda mrefu sana. Alipotoka, kamba ya kiatu kimoja ilikuwa inaburuta.

“Umekosa mangapi?” nikamwuliza.

Alinitazama. “Enda uulize Mama Kapinga, Kambo. Mi nikikuambia, hautaniamini.”

Nikamwambia nataka aniambie yeye.

“Mbili,” akasema.

Tulienda nyumbani. Ni miaka saba sasa. Mama Kapinga nakaa naye benchi moja kila Jumapili, ni mtu wa maneno mengi, na daftari lile bado analo. Sijamwuliza.